Kivinjari Kilichopita Mkono kwa Mkono

Mwaka 2004 nilikuwa mhudumu wa intaneti kafe moja Ngamiani, mjini Tanga. Tulikuwa na kompyuta nane, feni mbili za darini, dishi la setilaiti juu ya bati, na daftari la kuandikia namba ya kompyuta, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Nusu saa ilikuwa shilingi 500. Asubuhi moja akaingia mwalimu mstaafu, mteja wetu tangu siku tulipofungua, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na sauti ya upole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasogea hadi kwenye meza yangu akaniuliza, "Mwanangu, barua zangu anazisoma nani?"

Ilinichukua siku mbili kulipata jibu. Alikuwa akizisoma yeyote aliyekaa kwenye kompyuta namba tano baada yake. Kivinjari kilimwuliza kama anataka nenosiri lake litunzwe, naye akabonyeza ndiyo, kwa sababu swali lilikuwa la Kiingereza na kisanduku kilikuwa kimemzibia barua aliyokuwa akiisoma. Jioni akaja kijana wa mtaa, akaandika herufi moja tu ya jina lake mwenyewe, jina la mwalimu likajitokeza, nenosiri likajijaza. Kijana akafungua. Akasoma barua ya binti wa mwalimu aliyekuwa Muscat, barua ya mtoto anayemweleza baba yake kwamba ndoa imemshinda. Kufika Ijumaa, mtaa mzima ulikuwa na habari.

Kosa lilikuwa letu wenye kafe. Hatukuwa na desturi ya kufuta kumbukumbu mteja anapoondoka, na mimi sikujua hata kwamba kuna cha kufuta. Nilimwomba mzee radhi, akanisamehe, ila hakurudi tena kwa miezi kadhaa. Tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia historia ya programu hii moja, kivinjari, kwa sababu naamini hakuna programu nyingine inayomjua binadamu wa leo kuliko hii, na hakuna inayofikiriwa kidogo kuliko hii. Sasa natengeneza simu na kompyuta. Mteja anaijua chapa ya simu yake, anaijua bei ya bando hadi shilingi ya mwisho, lakini ukimwuliza anatumia kivinjari gani anakujibu, "Intaneti tu."

Neno lenyewe limechaguliwa vizuri. Kuvinjari, kabla ya kompyuta, ilikuwa kazi ya chombo kinachozungukazunguka baharini kikipiga doria. Manowari ilivinjari pwani. Ndani yake mna kutembea na mna kulinda. Miaka zaidi ya thelathini ya vivinjari imetuachia kutembea kwingi, na ulinzi umekwenda ukipungua, mpaka anayechunguzwa safarini akawa ni msafiri mwenyewe.

Chombo cha kwanza kiliundwa katika maabara ya fizikia ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mwingereza Tim Berners-Lee alipeleka pendekezo lake mwaka 1989, na mwishoni mwa 1990 programu yake iliyoitwa WorldWideWeb ilikuwa ikifanya kazi kwenye kompyuta aina ya NeXT. Watu wengi hawajui kwamba programu ile ilisoma na kuandika pia. Ulifungua ukurasa, na palepale ungeweza kuuhariri au kuanzisha wako na kuuunganisha na mwingine. Vivinjari vingi vilivyofuata viliacha upande wa kuandika, vikabaki na wa kusoma. Mimi naona hiyo ilikuwa hasara kubwa, na upande huo haujarudishwa hadi leo.

Kisha ikaja tarehe ambayo ningependa watoto wetu wafundishwe shuleni: 30 Aprili 1993. Siku hiyo CERN ilitangaza kwamba programu ya wavuti inawekwa mikononi mwa umma, bila ada wala kuomba ruhusa. Mapema mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Minnesota, chenye mfumo wake wa kusomea habari mtandaoni ulioitwa Gopher, uliokuwa ukipendwa sana, kilitangaza kuwa kitatoza ada kwa baadhi ya wanaotumia programu yake ya seva. Watu wakauhama. Mifumo miwili ilisimama njia panda. Mmoja ukaweka geti, mwingine ukang'oa mlango kabisa. Kafe yetu ya Ngamiani, na kila tovuti ya gazeti la Kiswahili unayoisoma leo, imejengwa juu ya uamuzi wa ile taasisi iliyong'oa mlango.

Mwaka 1993 huohuo, katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marc Andreessen na Eric Bina walitoa Mosaic, kivinjari kilichoonyesha picha ndani ya maandishi na ambacho mtu wa kawaida aliweza kukiweka mwenyewe. Mwaka uliofuata Andreessen na Jim Clark wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Netscape. Desemba 1994 Navigator ikatoka. Tarehe 9 Agosti 1995 kampuni hiyo, yenye umri wa miezi 16, iliuza hisa zake kwa umma: zilianza kwa dola 28, zikafunga siku kwa dola 58.25. Dunia ya biashara ikaamka.

Ndani ya Netscape, mwaka 1994, mhandisi Lou Montulli alitatua tatizo dogo. Seva ilikuwa haikumbuki mtu. Ukiweka bidhaa kwenye kikapu cha duka la mtandaoni, ukifungua ukurasa wa pili duka limekusahau, kama muuzaji anayekuuliza jina kila ukifumba jicho. Montulli akabuni kipande kidogo cha maandishi ambacho seva inakikabidhi kwa kivinjari, na kivinjari kinakirudisha kila kinaporejea. Kwa Kiswahili tunakiita kidakuzi. Kilikusudiwa kulisaidia duka limkumbuke mteja wake. Tutakirudia mbele.

Microsoft ilichelewa, na Bill Gates alilijua hilo. Tarehe 26 Mei 1995 aliwaandikia wakuu wake waraka mrefu wa kuwaambia kwamba intaneti sasa ndiyo kipaumbele cha kwanza. Kampuni ikanunua leseni ya msimbo wa Mosaic kutoka Spyglass, ikatengeneza Internet Explorer, ikaitoa bure, kisha ikaifungasha ndani ya Windows. Netscape iliishi kwa kuuza. Jirani akianza kugawa bure unachouza, tena akakigawa kwenye kila mlango, siku zako zinahesabika.

Kuna kisa cha Oktoba 1997 ambacho hunirudia kila nikifikiria vita hivyo. Usiku wa uzinduzi wa Internet Explorer 4 jijini San Francisco, wafanyakazi wa Microsoft walibeba herufi "e" kubwa ya nembo yao hadi Mountain View, wakaitupa kwenye bustani ya majani mbele ya ofisi za Netscape. Asubuhi watu wa Netscape wakaiangusha, wakasimamisha juu yake sanamu ya mjusi wao mkubwa aitwaye Mozilla, akiwa na bango: Netscape 72, Microsoft 18. Hiyo ndiyo ilikuwa asilimia ya watumiaji wa kila upande. Ndani ya miaka michache tarakimu zikageuka, kisha zikapita hapo.

Serikali ya Marekani ilifungua kesi Mei 1998. Jaji Thomas Penfield Jackson aliona kwamba Microsoft ilitumia nguvu ya Windows kinyume cha sheria, na Juni 2000 akaamuru igawanywe vipande viwili. Mahakama ya rufaa, Juni 2001, ikatengua amri ya kugawanya lakini ikakubali kwamba kampuni ililinda ukiritimba wake isivyo halali. Wakapatana na serikali Novemba mwaka huo. Haki ilikuja, aliyedhulumiwa alikuwa amekwisha. Netscape ilikuwa imenunuliwa na AOL na ilikuwa ikififia.

Ila kabla ya kukata roho iliacha wosia. Tarehe 31 Machi 1998 Netscape iliuweka wazi msimbo wa kivinjari chake, yeyote auchukue, ausome, aurekebishe. Mradi ukaitwa Mozilla, na mwanasheria Mitchell Baker akawa nguzo yake. AOL ilipoachana nao Julai 2003, ukaundwa wakfu usio wa faida, Mozilla Foundation, ukiwa na dola milioni 2 za kuanzia. Neno wakfu nalitumia kwa makusudi. Sisi watu wa pwani tunajua maana ya kisima cha wakfu: hakina mwenyewe wa kukiuza, kila apitaye hunywa.

Wakati huo aliyeshinda alikuwa amelala. Internet Explorer 6 ilitoka Agosti 2001. Toleo la saba lilikuja Oktoba 2006. Miaka mitano! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu hakuwa na mshindani hata wa kumwonea haya, maana zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji walikuwa wake. Mashimo ya usalama yalizidi, hadi Juni 2004 kitengo cha US-CERT cha serikali ya Marekani kiliorodhesha, miongoni mwa hatua za kujikinga, kutumia kivinjari kingine.

Wasomaji waliozaliwa baadaye hawajui kioo cha kompyuta ya kafe kilivyokuwa. Ulifungua ukurasa mmoja, madirisha manne ya matangazo yakaruka: kamari, picha za aibu, "kompyuta yako ina virusi bonyeza hapa". Kina mama walikuwa wakiinuka na kuondoka. Juu ya kioo zilipangana kanda za vitufe ambazo hakuna aliyeziomba, mkanda juu ya mkanda, mpaka nafasi ya kusomea ikabaki kama kiganja. Kila Jumatatu nilifika saa 12 asubuhi kuzing'oa moja moja kabla ya wateja, na kufika Alhamisi zilikuwa zimeota tena.

Likizo ya Desemba 2004 alikuja nyumbani kijana wa mtaani kwetu aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwa na fahari, kwa sababu mwaka huo chuo chao kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na alitaka kila mtu aione. Kwenye CD hiyohiyo alikuwa na faili jingine, la megabaiti kama 4.7. "Kaka, hii weka leo," akaniambia. Ilikuwa Firefox 1.0, iliyotoka tarehe 9 Novemba. Chanzo chake kilikuwa jaribio la vijana wachache ndani ya Mozilla, akiwemo Blake Ross ambaye hakuwa ametimiza miaka 18 toleo la kwanza kabisa lilipotoka Septemba 2002, pamoja na Dave Hyatt. Waliona kivinjari kikuu cha mradi kimekuwa kizito, wakakata kila kisichohitajika.

Kwa dishi letu, kulipakua faili lile kungetuchukua karibu nusu saa na kuwasimamisha wateja wote. Kwa CD niliweka kompyuta nane kabla ya adhuhuri. Nakumbuka ukimya wa mchana ule. Hakuna dirisha lililoruka. Kurasa zilijipanga ndani ya dirisha moja, kila moja na kichupo chake, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Na kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, palikuwa na kitufe kimoja cha kufuta kila kitu: historia, manenosiri, vidakuzi. Jioni ile nilichora safu mpya kwenye daftari langu, pembeni ya saa ya kutoka, nikaandika juu yake herufi F. Mteja akiinuka, naenda kwenye kompyuta yake, nafuta, narudi natia alama. Mwalimu aliporudi nilimwonyesha safu ile. Akaitazama muda mrefu, akakaa kwenye namba tano.

Nilichoma CD nyingine. Moja ilikwenda Muheza na kondakta wa basi, moja Pangani, mbili Korogwe kwa mwenye kafe aliyekuwa binamu wa bosi wangu. Tarehe 16 Desemba mwaka huohuo, ng'ambo, watumiaji wapatao 10,000 walikuwa wamechanga fedha zao na majina yao yakachapwa kwenye kurasa mbili za New York Times kutangaza kivinjari hichohicho. Sisi hatukujua. Tulikuwa sehemu ya kazi ileile bila kuambiana, na naamini hiyo ndiyo iliyomwamsha aliyelala: mtu mmoja anamwekea mwingine, anamwonyesha kitufe, anaondoka. Toleo la tatu lilipotoka Juni 2008 lilipakuliwa mara 8,002,530 ndani ya saa 24, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikaiandika.

Chini ya miezi mitatu baadaye, 2 Septemba 2008, Google ikatoa Chrome. Sitasema uongo: kilikuwa kivinjari bora. Kilikuwa chepesi, na ukurasa mmoja ukikwama haukuziua zingine. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam na Mombasa kwa chini ya bahari, intaneti ikapata kasi, na tovuti nzito zilikwenda vizuri zaidi kwenye Chrome. Nami nilihamia. Nilikaa huko miaka saba, na nawaelewa waliobaki.

Huku kwetu, hata hivyo, wengi walianza safari kwa njia nyingine. Mwenye kitochi au Nokia ndogo alitumia Opera Mini ya Wanorwe, iliyotoka rasmi Januari 2006. Ujanja wake ulikuwa huu: ukurasa haukuja kwako moja kwa moja, ulikwenda kwanza kwenye seva za Opera, ukabanwa hadi ukawa sehemu ndogo sana ya uzito wake, ndipo ukaletwa kwenye simu. Kwa mtu aliyenunua bando la shilingi mia, hiyo ilikuwa rehema, na nasema hivyo nikimaanisha. Gharama yake haikuandikwa popote kwenye kioo: kila ulichosoma kilipita kwenye mikono ya kampuni, hata kurasa zilizotumwa kwa maandishi ya siri, kwa maana zilifunguliwa kule ili zibanwe. UC Browser, iliyofuata kwa umaarufu kwenye simu za bei nafuu, ilichunguzwa mwaka 2015 na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, ikaonekana maneno ambayo mtu aliyatafuta yalikuwa yakisafiri wazi, kwa yeyote aliye njiani kuyasoma. Vizazi viwili vya watumiaji wetu viliingia mtandaoni kwa kupitia dirisha la mtu mwingine, vikazoea.

Sasa nije kwenye injini, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Jina la kivinjari ni bodi na rangi; injini ndiyo inayousoma ukurasa na kuamua uonekane vipi. Mwaka 1998 wajitolea wa mradi wa KDE waliandika injini huria iliyoitwa KHTML. Apple ikaichukua ikajengea Safari mwaka 2003, ikaiita WebKit. Google ikaichukua WebKit kwa Chrome, na mwaka 2013 ikajitenga na tawi lake, Blink. Mwaka huo Opera ikatangaza kuiacha injini yake yenyewe iliyoijenga kwa miaka mingi na kufuata njia ya Google. Desemba 2018 Microsoft nayo, ileile ya herufi "e" kwenye majani, ikatangaza kwamba Edge itahamia huko. Leo Opera, Edge, Brave, Vivaldi na kivinjari cha Samsung vyote vina moyo mmoja, Blink, na mwenye neno kubwa juu ya moyo huo ni Google.

Yamebaki mafiga matatu. Blink, WebKit ya Apple, na Gecko ya Firefox. Kila mpishi wa kuni anajua kwa nini mafiga ni matatu: ukiondoa moja, chungu hakikai. Figa la tatu limeliwa sana. Kwa hesabu za StatCounter, Chrome peke yake ina karibu theluthi mbili ya watumiaji duniani, Firefox haifiki asilimia 3. Mwaka jana nilikuwa namsaidia mama mmoja kujaza fomu kwenye tovuti ya ofisi fulani, tovuti ikatuambia kivinjari chetu hakikubaliki, tutumie Chrome. Maneno hayohayo, ila kwa jina la Internet Explorer, niliyasoma mwaka 2003. Mtengeneza tovuti akizoea kujaribu kazi yake kwenye injini moja, kanuni za wavuti zinakuwa ni zile zinazompendeza mwenye injini, na ule mlango uliong'olewa na CERN unarudishwa polepole, bawaba moja baada ya nyingine.

Na mwenye injini ni muuza matangazo. Mwaka 2008, mwaka wa Chrome, Google ilikamilisha ununuzi wa DoubleClick kwa dola bilioni 3.1. Hapa ndipo kile kidakuzi cha Montulli kinaporudi. Ukurasa wa gazeti unapobeba tangazo kutoka seva ya mtu wa tatu, seva hiyo nayo inakuachia kidakuzi chake. Ukienda kwenye tovuti ya dawa, seva ileile ipo. Kwenye tovuti ya mpira, ipo. Haikujui jina, lakini inajua kwamba ni wewe yuleyule.

Mama yangu alipopata kidonda mguuni kwa sababu ya kisukari, nilikaa usiku mmoja kwenye simu nikisoma. Kwa wiki mbili zilizofuata, kila nilichofungua, hata taarifa ya habari, kulikuwa na mguu. Dawa za mitishamba zinazoponya kisukari kwa siku saba, unga, mafuta, namba za kupiga. Mama aliniomba simu asome habari za msiba wa jamaa, akaona picha ya mguu uliokatwa. Akanirudishia simu bila kusema kitu. Kikulacho ki nguoni mwako. Usiku huo niliiweka Firefox kwenye simu yangu.

Safari imekuwa ikikaza uzuiaji wa vidakuzi vya watu wa tatu hatua kwa hatua tangu 2017, na Firefox ilianza kuwazuia wafuatiliaji wanaojulikana, bila mtumiaji kugusa chochote, mwaka 2019. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba Chrome itaviondoa ndani ya miaka miwili. Ikasogeza tarehe, ikasogeza tena, na Julai 2024 ikasema haitaviondoa. Mwaka huohuo ilikubali, katika mapatano ya kesi iliyofunguliwa California, kuharibu mabilioni ya kumbukumbu za watu waliokuwa wakivinjari katika hali ile iitwayo fiche. Na kiendelezi cha uBlock Origin, kinachozuia matangazo na wafuatiliaji kuliko chochote ninachokijua, kimefungiwa nje ya Chrome kwa kanuni mpya za viendelezi. Kwenye Firefox bado kinafanya kazi, hata kwenye ile ya Android.

Lazima niseme na upande wenye kuuma. Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google, inayolipa ili iwe mtambo wa kutafutia wa kwanza ndani ya Firefox. Agosti 2020 Mozilla iliwapunguza kazi watu wapatao 250. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google ni mkiritimba katika utafutaji. Kesi ilionyesha kwamba mwaka 2021 pekee ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari vya wengine. Septemba 2025 alikataa kuilazimisha iuze Chrome, na akaacha malipo ya namna hiyo yaendelee kwa masharti. Kwa hiyo kisima chetu cha wakfu kinatiwa maji kwa bomba linaloshikwa na jirani tajiri. Silifichi hilo kwa wateja wangu. Lakini msimbo uko wazi, na wengine wameuchukua wakautengenezea vivinjari vya faragha kali zaidi: Tor Browser, LibreWolf, na Mullvad Browser iliyotoka 2023. Mwaka 2024 ukaundwa pia mfuko usio wa faida wa Ladybird, unaoongozwa na Andreas Kling, unaojenga injini mpya kabisa kutoka sifuri, kazi ambayo wengi walikwisha kusema haiwezekani tena.

Dukani kwangu sasa, simu ikiletwa kubadilishwa kioo, namwuliza mwenyewe kama anaruhusu nimwekee kivinjari kingine. Wengi wanakubali wakisikia kwamba matangazo yakizuiwa bando linadumu zaidi. Naweka Firefox, naongeza uBlock Origin, nakifanya kiwe cha kwanza kufunguka, namwonyesha mahali pa kufutia. Ni dakika nne. Wengine hurudi kwenye Chrome, ni haki yao.

Wewe unayesoma hapa, fanya hivyo wiki hii kwenye simu yako. Ukimaliza, chukua ya mama yako, au ya mtoto wako aliyeko shuleni, au ya jirani asiyejua Kiingereza cha vile visanduku, umwombe ruhusa, umwekee kwa mkono wako mwenyewe, na usiondoke kabla hujamwonyesha kitufe cha kufuta.